Jumatatu Aliyoniapia Lurthammal

Katibu wa chama cha wavuvi amenijia mara tatu: bibi, tusimulie. Nimeshawasimulia watu wa serikali wenye viatu vya kung'aa. Waliandika, wakanywa chai yangu, wakaenda zao. Haya, safari hii naandika mwenyewe kwa herufi zangu mbovu. Asiyeweza kuzisoma avae miwani.

Mimi ni Soosaiamma wa Mannar, pwani inayotazamana na India, mjane wa mvuvi wa kaa. Miaka hamsini nimenasua kaa nyavuni, vidole vimebanwa mpaka havisikii tena. Kaa wetu wanazaana kwenye nyasi za chini ya bahari, na nyasi hizo ndizo boti za kukokota nyavu kutoka India zinazozifagia kama ua wa kwao. Huja Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku hizo sisi tunaanika nyavu na kukaa kama wagonjwa. Bahari yetu, ratiba yao.

Lurthammal ni binti wa mama yangu mdogo. Aliolewa ng'ambo, India, na mwanawe ni nahodha wa boti kama hizo. Tunaonana mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, kwenye kisiwa cha katikati ambako pande zote mbili husali bila kuulizwa pasi. Mwaka juzi, baada ya misa ya Jumamosi, alinishika mkono mbele ya sanamu.

"Dada, naapa, Jumatatu hii hawatoki. Boti zimebeba mahujaji, wanaume wamechoka. Tegeni tu."

Nikamwambia mwanangu Arulthas atege nyavu zote. Akasita.

"Mama, Jumatatu ni yao."

"Mama yako mdogo Lurthammal kaapa mbele ya mtakatifu. Au unataka nikatege mimi na sari yangu hii?"

Akatega zote.

Jumatatu boti zikaja, mchana kweupe, zimefuatana kama mabehewa. Arulthas alirudi na maboya mawili na kipande cha kamba. Siku tatu mawimbi yalitutupia nyasi zilizong'olewa, ndani yake kaa wadogo kama ukucha, wamekufa. Mwanangu akaenda Colombo kubeba zege. Mpaka leo hana wavu.

Mwaka jana Lurthammal akaja kisiwani na sari mpya na sabuni.

"Pokea, dada. Mwanangu hakujua nyavu ni zenu."

"Alidhani za nani, za samaki?"

"Kwetu chini ya bahari kumebaki matope matupu. Tungekula nini?"

"Mmemaliza chenu, sasa mnalamba sahani yetu. Na ukaapa."

"Wenye boti ndio walioniambia."

"Basi wangekuja wao kunishika mkono."

"Ndugu hawagombanii maji ya Mungu, dada."

"Ndugu yako ni injini."

Nikaacha sari yake na sabuni yake mchangani. Padri aliona. Na aone.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usinipe pole. Ukivuka kwenda ng'ambo, mtafute Lurthammal, msomee haya kwa sauti mbele ya majirani zake na wenye boti wakiwepo. Usiniletee salamu. Niletee jibu: nyasi zetu wataziacha, au hawataziacha?