Kuku Wangu Walivyonenepa

Mimi mdomo ninao, sikatai. Hapa Masumbwe kila anayeniletea kitambaa anajua atapimwa kiuno na kusikiliza maneno. Na katika maneno yangu, nililolipenda kuliko yote lilikuwa hili la vikongwe na macho mekundu. Nilikuwa nasimamisha cherehani kabisa. "Jamani, mtu amepikia kinyesi cha ng'ombe tangu usichana, macho yabaki meupe kwani ya kioo?" Nimekulia vijijini Shinyanga, ambako kuni ni shida. Bibi yangu mzaa mama alipikia kinyesi kilichokauka na vijiti vya pamba, na macho yake yalikuwa mekundu mpaka tunamzika. Kwa hiyo mtu akiniletea habari za uchawi kwa sababu ya macho, nilikuwa namtolea uvivu papo hapo.

Basi mwaka juzi chumba kinachotazamana na changu kikapata mpangaji. Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba vimeuzunguka ua mmoja, bomba moja, choo kimoja. Mwanamume anayechimba dhahabu Rwamgasa alimleta mama yake kwa bajaji, na godoro, sufuria na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikauke. Alipomaliza kushusha mizigo akanivuta pembeni.

"Dada, kule nyumbani maneno yamezidi. Jirani alifiwa na mtoto, sasa wanamtazama mama. Mimi nashinda duarani, chini shimoni huko, siwezi kumlinda. Akiondoka hapa sina pa kumpeleka."

"Kaka yangu, nenda kachimbe," nikamwambia. "Hapa mama amefika."

Na nilimaanisha, Mungu ananiona.

Asubuhi iliyofuata yule bibi akabisha hodi, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Mkononi alikuwa na bakuli la plastiki la bluu, ndani michembe iliyochemshwa na kuungwa kwa karanga. Chakula cha utoto wangu hicho! Nikapiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili, nikasema, "Wabeja, mayu," nikainua uso kumshukuru vizuri. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko hata ya bibi yangu.

Nikaingia ndani, nikaweka bakuli mezani. Nikajiambia nimeshiba, na wala sijanywa hata chai. Binti yangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akanyoosha mkono, nikamwambia ni cha moto. Kilikuwa kimepoa. Nikazunguka nyuma ya choo kwenye banda langu la kuku, nikamwaga.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nikaliosha bakuli, nikatia dagaa wakavu wa Nkome, nikalirudisha. "Kitamu sana, bibi!" Akafurahi. Dagaa wale akawapika siku hiyohiyo, akala amekaa mlangoni kwake mpaka akaufuta mchuzi.

Bakuli likawa linakuja na kurudi. Linakuja na michembe, mara na mlenda, mara na maboga, linarudi na dagaa au chumvi. Na mimi kila likija nina sababu. Mara michembe inanijaza tumbo. Mara karanga zinanitoa chunusi. Siku moja nilijiambia nimefunga, mimi ambaye hata Ijumaa Kuu hunishinda! Binti yangu nilimkataza kwenda kwa bibi eti asimsumbue mzee, na nikajiona nina adabu kweli. Ungeniambia kwamba naogopa, ningekutolea uvivu na wewe. Kuku wakanenepa. Jirani mmoja akanitania bombani, "Fundi, hao kuku unawalisha nini?" Nikacheka, nikainua ndoo yangu.

Halafu mtoto wa chumba cha kona akapatwa na degedege. Mama yake ni muuza nyanya, mwanamke mpole, tunaazimana kila kitu. Wakamkimbiza mtoto hospitali amelegea. Jua halijazama, maneno yakaanza: jana yake mtoto alikuwa anacheza mlangoni kwa bibi. Bibi alimpa kipande cha boga.

Kesho yake mchana mwenye nyumba akatuita uani. Si mtu mbaya yule. Ni mwoga tu, na amewahi kuona watu wakichoma nyumba. "Mimi sisemi chochote," akasema, "ila kwa usalama wake mwenyewe, naona mwanawe aje amchukue." Watu wakatazama chini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, kando ya mafiga, sufuria inachemka. Alisikia kila neno. Hakujitetea, alikuwa anasogeza kuni tu.

Nikasimama. Acha nisimame! Nikawapa yote: moshi, kinyesi cha ng'ombe, bibi yangu, wazee wetu wanaokatwa mapanga bure. Nikamuuliza mwenye nyumba kama mama yake mwenyewe alizaliwa na jiko la gesi. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikaona nimeshinda, na moyoni nikamwambia yule mchimbaji: unaona?

Mama wa mtoto mgonjwa alikuwa amekuja mara moja kuchukua nguo na uji. Chupa ya uji alikuwa ameikumbatia, macho yamevimba kwa kulia. Akaniuliza bila hasira hata kidogo.

"Fundi, mimi nakuamini wewe. Mwanangu yuko kitandani, naomba uniambie ukweli. Chakula cha bibi, wewe unakila?"

Nikafungua mdomo. Huu mdomo wangu, siku hiyo ulinitupa.

"Maana tunakuona unawamwagia kuku," akasema. "Tangu amehamia. Ndiyo tukasema, kama Fundi mwenyewe hakili, basi kuna kitu anakijua."

Kilichonipanda kwanza ni hasira. Wananichungulia mpaka nyuma ya choo, hawana kazi? Halafu nikaelewa. Hotuba zangu zote za cherehani hazikuwa kitu. Waliyoyaamini ni yale niliyoyafanya kule bandani. Mimi ndiye niliyempalia bibi makaa, mimi niliyemwambia mwanawe kwamba mama amefika.

Uongo ulikuwepo, umekaa kwenye ulimi: tumbo langu, jamani, tumbo. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameacha kusogeza kuni, ananiangalia.

"Hakuna ninachokijua," nikasema. "Naogopa tu. Naogopa macho yake, na siku zote hizi sikujua kama naogopa."

Nikavuka ua, nikapiga magoti mbele ya mafiga. "Bibi, naomba chakula."

Bibi akachota, akajaza lile bakuli la bluu. Nikala kwa vidole, michembe ya moto imetoka jikoni sasa hivi, inaniunguza ulimi, machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya moto au ya aibu. Nilikuwa naibugia kama mtu anayekunywa dawa. Binti yangu akaja akasimama begani kwangu.

"Mama, na mimi."

Hapo mkono ukakataa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimekiri mbele za watu, nimekula mwenyewe, na bado mkono ulikataa kumpa mwanangu. Niliona wote wanauona ule mkono. Yule mama mwenye chupa ya uji alikuwa anauangalia huo tu. Bibi pia aliuona, na kwa mara ya kwanza akainamisha uso, na lile likaniuma kuliko yote. Nikachukua kipande, nikakipuliza, nikakitia mdomoni mwa mwanangu.

Akatafuna. Akalamba midomo. "Nipe kingine!"

Nikampa, nikajijaza na mimi, nikapaliwa, nikaanza kukohoa. Bibi akanigonga mgongoni taratibu.

"Kula polepole, mayu," akasema. "Hata kuku wako hawakuwa na haraka hivyo."

Ua ukalipuka kwa kicheko. Mwenye nyumba akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akajikohoza akasema basi, tusubiri majibu ya hospitali. Yule mama hakucheka. Alipopita mbele ya bibi akasimama, akapiga goti kidogo. "Bibi, niombee mwanangu."

"Namwombea tangu jana," bibi akamjibu.

Ilikuwa malaria. Mtoto alirudi amekonda, baada ya muda akawa anakimbiza kuku wangu uani kama zamani. Bibi hakuondoka. Mwanawe akija kutoka Rwamgasa ananiletea sabuni na kunishukuru kwa kumtunza mama yake, na mimi kila mara nakosa pa kuweka uso.

Nilimuuliza bibi siku moja tukichambua mchicha, alijua lini. Akasema siku ya kwanza, maana jogoo wangu alikuja mlangoni kwake na kipande cha michembe mdomoni.

"Sasa bibi, kama ulijua, kwa nini uliendelea kuniletea?"

Akachambua majani kidogo. "Kule nilikotoka walikuwa hawapokei," akasema. "Wewe ulikuwa unapiga magoti."

Nilitazama mchicha wangu mpaka akaniambia nauchambua vibaya.

Ningependa kusema nimepona. Sijapona. Binti yangu siku hizi anashinda kwa bibi, na jioni akichelewa kidogo kuna kitu kinanipanda. Nakijua sasa, nakiita kwa jina lake, na nakiambia kaa chini. Siku nyingine kinakaa. Siku nyingine nasimamisha cherehani na kuita kwa sauti niliyoilainisha, "Wee binti, uko wapi?"

Naye bibi hujibu kutoka ndani, kabla ya mtoto. "Yupo, anakula! Kuku wako umewafungia?"