Kipimo cha Mdogo Wake

Mimi ni fundi viatu, na watu husema nina mdomo. Sawa. Lakini mdomo wangu haufui dafu mbele ya wa Bi Kipimo, fundi cherehani niliyegawana naye baraza miaka kumi na tisa. Jina hilo kalipata kwa majivuno yake. Akikuzungushia futi mara moja, basi. Haandiki popote wala hakupimi tena. "Nikishakupima umeingia humu," husema akijigonga kichwa, "na hutoki." Na kweli, mteja hurudi baada ya mwaka, naye hukata kitambaa bila hata kumtazama.

Kichwa hichohicho ndicho kilichomponza. Ilipokuja chanjo ya nyongeza ya korona, nilimwambia twende wote. Akanicheka.

"Nimeshachanjwa mara mbili. Nguo gani hiyo inashonwa mara tatu?"

"Viatu nashona mara tatu na bado vinaachia," nikamjibu. "Kinga nayo inachakaa, we mama!"

Hakusikia. Nikaenda peke yangu.

Mwezi haujaisha, mdogo wake akapandikizwa figo. Na huyo si mdogo wa hivihivi. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minne, Bi Kipimo akiwa na kumi na sita. Ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule. Sasa dawa anazomeza ili figo ikae zinashusha kinga ya mwili, na daktari alisema bila kupepesa: chumbani haingii mtu bila chanjo ya nyongeza, na wiki mbili zipite baada ya sindano.

Bi Kipimo akakimbilia zahanati. Chanjo imekwisha. Akarudi Alhamisi, bado. Alhamisi nyingine, bado. Majuto ni mjukuu, na wake alikuja mapema. "Nilikwambia" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, nikaimeza.

Kila jioni alikwenda nyumbani kwa mdogo wake, akasimama nje ya dirisha la chumba chake. Shemeji yake, mume wa mgonjwa, hakufungua hata upenyo, wakawa wanaongea kwa simu huku wanatazamana kwenye kioo.

"Amejifunika shuka mpaka kidevuni," aliniambia. "Namwona uso tu. Nina hamu ya kumshika, fundi. Nashika vitambaa kutwa nzima na mikono naiona mitupu."

Nikaendelea kugonga kisigino.

Wiki ya nne chanjo ikaja. Nilimsindikiza. Muuguzi akauliza mkono upi.

"Wa kushoto. Wa kulia una kazi." Sindano ilipotoka akauliza, "Mwanangu, huwezi kunipiga mbili, nipunguziwe siku?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Bi Kipimo hakucheka. Alikuwa anauliza kweli.

Homa ikamlaza siku mbili. Ya tatu akaja, akachora chaki ukutani mistari ya siku zilizobaki, na kila asubuhi akafuta mmoja kabla ya kufungua cherehani. Akaanza gauni la njano.

"La mdogo wako? Bila kumpima?"

"Nimemlea mimi! Nimpime nini?"

Basi akashona. Pindo alilitia kwa mkono, polepole, akalifumua na kulirudia ingawa halikuwa na kasoro. Nilijua anasukuma siku.

Mstari wa mwisho ulipofutika tukaenda, barakoa usoni, mimi nimebeba mfuko. Shemeji yake akafungua mlango na kutupisha. Mdogo mtu akajiinua kitandani, shuka likateremka. Nilimwona Bi Kipimo akisimama palepale, kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Nipe nilivae, dada," mdogo wake akasema.

Akalivaa juu ya nguo za kulalia. Likamwagika lote. Bega moja likateleza hadi kwenye kiwiko, na kiunoni angeenea mtu mwingine.

"Zuri sana. Nitanenepa, nitalijaza."

Nikamsubiri Bi Kipimo abishe. Namjua, angesema kitambaa kimelegea, angelaumu uzi, angenilaumu hata mimi. Badala yake akavua futi shingoni.

"Simama, mdogo wangu. Nakupima upya."

Miaka kumi na tisa sijawahi kuyasikia maneno hayo. Akapitisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo ule mwembamba, akazileta ncha za futi, akaziachia, na mikono ikabaki hukohuko. Kidevu chake kikatua kwenye lile bega lililokuwa wazi. Mimi nikageuka nikatazama viatu vya shemeji yake mlangoni, maana macho yalikuwa yananisaliti.

"Dada," mdogo wake akasema baada ya kitambo, "mbona husomi namba?"

"Tulia. Bado napima."