Harufu ya Kitambaa Kinachoungua

Mkanda wa begi la msafiri mmoja ulikatikia stendi, safari ikiwa bado nusu. Mji ule hakuujua. Aliulizia fundi, akaelekezwa ngazi za nyuma ya duka la rangi. Juu akakuta chumba kirefu kinachonukia mvuke wa pasi, sare za shule zimerundikwa hadi dirishani, na mwanamume mwembamba ameegemea meza ya kukatia kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Karibu, mgeni. Kaa hapo. Milimita akimaliza kola atakushughulikia," alisema mwanamke aliyekuwa akipiga pasi.

Ndivyo walivyomwita mkataji huyo mwembamba, kwa sababu ya macho yake: aliona kosa kabla futi kamba haijakunjuliwa. Mwanamke mwenyewe alikuwa Mama Pasi tu, na mwenye karakana aliitwa Bosi, mtu wa sauti kubwa na mkono wa birika.

Milimita alikuwa hoi. Tumbo lilimwendesha tangu alfajiri. Kidonge cha asubuhi alikimeza nyumbani, akakitapika kabla hata hajafunga kamba za viatu. Sasa ameze kingine, au asubiri cha jioni? Hakujua. Zahanatini yupo nesi ambaye angemjibu kwa simu, lakini karakanani simu husikiwa na wote, na neno ambalo angelazimika kulitaja alikuwa hajawahi kulitaja humo. Wenzake walijua vile ni vidonge vya vidonda vya tumbo. Aliwaambia hivyo siku ya kwanza alipoonwa akimeza, na uongo ukamkaa vizuri kama koti la kupimwa. Nani angemkabidhi mwenye kifafa mkasi mkubwa kama ule?

Aliporudi kutoka chooni akipapasa ukuta, kikopo chake cha dawa hakikuwepo mezani.

"Nimekichukua mimi," Mama Pasi alisema, akimpa kikombe cha maji yenye chumvi na sukari. "Tumbo liko vile, wewe unalimwagia moto. Vidonge vya vidonda vinachoma, baba. Lipumzishe."

"Nipe, mama. Daktari alisema nisiache."

"Daktari hajakuona ulivyo leo. Marehemu mume wangu alikuwa mbishi hivyohivyo."

"Kwani marehemu alikufa kwa vidonda?" Bosi aliuliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Alikufa kwa ubishi. Vidonda vilimsindikiza tu."

Walicheka. Milimita naye akacheka, kwa kuwa mtu mwenye vidonda vya tumbo angecheka. Kikopo kilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Mama Pasi, karibu kabisa, na kilichomzuia kukifikia ni neno moja. Alijaribu kulisema kimoyomoyo, masikio yakamwaka moto. Akachukua mkasi, akarudi kwenye kola.

Ndipo harufu ikaja, ya kitambaa kinachoungua taratibu.

"Mama Pasi, angalia pasi yako."

"Ina nini?"

"Inaunguza."

Aliiinua, akaigeuza, akamwonyesha chuma kinachong'aa. "Tangu lini mimi nikaunguza nguo ya mtu? Homa imekupanda puani. Mgeni, unasikia harufu yoyote?"

Mgeni alinusa kwa adabu. "Mvuke tu."

Milimita aliweka mkasi mezani. Harufu ile aliijua tangu utotoni, na haikutoka kwenye pasi ya mtu. Ilimpa nafasi finyu kabla ya kuanguka, na siku zote aliitumia nafasi hiyo kukimbilia mahali pasipo na watu. Leo miguu ilikataa.

"Sogezeni mkasi mbali," alisema akijishusha sakafuni. "Si vidonda. Nina kifafa. Naanguka sasa hivi. Msinitie kitu mdomoni, mnilaze..."

Hakumaliza.

Alipozinduka alikuwa amelazwa ubavu, vifungo vya shati vimefunguliwa, kichwa kikiwa juu ya sare zilizokunjwa. Suruali ilikuwa imelowa. Mtu alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha buluu, kilekile alichokuwa akikikata, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemwacha vile. Maana yake mtu aliona, akafikiri, akafunika.

Bosi alikuwa kwenye simu na zahanati, ambayo namba yake iliandikwa kwenye kikopo, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Ndiyo, nesi, tangu alfajiri anaharisha... Kidonge cha asubuhi anasema alikitapika... Amezinduka, lakini bado mzito... Sawa, simpi kitu. Tunamleta." Akakata simu. "Anasema ungempigia palepale ulipotapika. Kurudia kidonge si jambo la kubahatisha. Na usimeze chochote mpaka akuone."

"Samahani, Bosi."

"Miaka yote hii nakununulia maziwa kwa ajili ya vidonda."

"Na siyapendi," Milimita alinong'ona.

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi alisimama mikono imelegea kwenye aproni. "Ningejua, baba..."

"Ungejuaje, mama? Sikusema."

Dereva wa duka la rangi alileta gari hadi chini ya ngazi. Mama Pasi alimfunga Milimita kile kitambaa cha buluu kiunoni, akamshika mkono. Mlangoni Milimita alisimama, macho yakiwa sakafuni.

"Mkasi mpe mwingine, Bosi," alisema, na hakungoja jibu. Hatua zake zikasikika zikishuka, nzito, za mtu anayetamani ngazi ziishe.

Bosi aliushika mkasi, akaitazama kola iliyokatwa nusu. Hakuigusa. Aliutundika mkasi kwenye msumari wake, chini ya aproni ya Milimita.

Gari lilikuwa halijafika mbali mteja alipopanda ngazi kuulizia sare za mwanawe.

"Milimita yuko wapi?"

"Anaumwa tumbo," Bosi alisema. "Njoo akipona."

Kisha akamtazama mgeni, kuona kama ataongeza neno. Mgeni alilivuta begi lake karibu na miguu, akaendelea kukaa.