Kidonda Kilichozoeleka

Watu wa mtaa wa Wabera walimjua Natabo kwa mikono yake. Kanzu ikipita mikononi mwake ilirudi nyeupe kama maziwa, na wenye nyumba walikuwa wakimgombania. Alifua ameketi kwenye kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha kando ili maji ya sabuni yasiurukie, maana mguu huo ulikuwa umefungwa kitambaa tangu alipokuwa msichana. Ukimwuliza una nini, alikwambia ni moto wa zamani, kisha akaendelea kukamua nguo.

Moto wenyewe ulikuwa hivi. Walikuwa wakiishi nje kidogo ya mji, yeye, mama yake na ndugu yake mdogo, Ekuam. Siku moja mama alikwenda kutafuta kuni, upepo ukabeba makaa ya jikoni hadi kwenye nyumba yao ya fito na makuti. Ekuam alikuwa amelala ndani, mtoto wa miaka mitatu hivi. Natabo, aliyekuwa bado hajavunja ungo, aliingia akamvuta. Walipokuwa mlangoni, ufito unaowaka ulimwangukia Natabo kwenye muundi. Ekuam alitoka mzima. Hata unywele wake haukuungua.

Kidonda kile kilipakwa mafuta ya mbuzi, kikapakwa majivu, kikawekewa mizizi, na baadaye kikafungwa bendeji za zahanati. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena. Wakati wa kiangazi kiliwasha, mvua ikija kilitoa maji. Ekuam akiwa mdogo hakukiogopa. Alikaa miguuni pa dada yake na kijiti chenye majani, akifukuza nzi, na Natabo akikunja uso kwa maumivu, mtoto yule aliinama akapuliza pale palipouma, kwa bidii, mashavu yamejaa.

Lakini mtoto hukua, na watu wana midomo. Mtu fulani alimsimulia Ekuam habari za ule moto, na tangu siku hiyo, dada yake akianza kufungua kitambaa, yeye alitazama pembeni. Baadaye akawa anatoka nje kabisa. Mama yao alipofariki, Ekuam alikwenda Rapsu kulima mashamba ya kumwagilia maji. Huko alioa, akapata watoto, na safari zake za mjini zikapungua hadi zikakatika.

Hakumtupa dada yake. Siku za soko, lori la Kinna, lililobeba mazao ya Rapsu, lilimletea Natabo gunia la nyanya au vitunguu, mara nyingine matikiti, limeshonwa mdomo vizuri kwa mkono wa ndugu yake. Natabo alizitambua zile nyuzi. Alizikata polepole, akagawia majirani nyanya, kisha akakaa na gunia tupu mapajani. Mara moja tu alifunga safari akaenda Rapsu. Ekuam alimpokea vizuri, akamchinjia kuku, halafu akashinda shambani siku zote ambazo dada yake alikuwa pale. Natabo aliyaona hayo. Hakwenda tena.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita, hadi Anisa aliposema. Anisa alikuwa mmoja wa wale aliowafulia, mama mwenye duka la vitambaa, na urafiki wao ulikuwa umezidi mambo ya nguo. Asubuhi moja alitoka na chai, akaona kitambaa kimelowa damu. Alimlazimisha akifungue. Ukingoni mwa kidonda nyama ilikuwa imeota juu, imefumuka kama koliflawa, na harufu yake ilikuwa ngeni.

"Natabo, hiki si kile kidonda chako," Anisa alisema. Siku hiyohiyo alimpandisha bodaboda hadi hospitalini.

Walimkata kipande kidogo cha nyama wakakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi, alipokewa na Daktari Gacheri, mama wa Kimeru aliyekuwa na sauti ya taratibu. Alimwambia bila kuzunguka kwamba ni saratani, kwamba imeota ndani ya kidonda na imefika mfupani.

Natabo aliufunika mguu kwa kitambaa. Kisha akauliza mwili wake ulikuwa wapi siku zote hizo. Alikuwa amesikia redioni kwamba damu ina askari wake wanaopigana na ugonjwa. Miaka yote ile mguu ulikuwa ukivimba na kuwaka moto. Hao askari hawakuona kitu?

Daktari alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Mama, ukidungwa na mwiba, pale panavimba, panapata joto," alisema. "Huo uvimbe ndio mbiu. Askari wanaitwa, wanakuja, wanakagua, wanaua kilicho kibaya, halafu wanarudi makwao. Kwako mbiu haikunyamaza. Sasa, askari wakipigana bila kupumzika watabomoa hata nyumba wanayoilinda. Mwili unajua hivyo. Kwa hivyo unaanza kuwaambia: tulieni, waacheni mafundi wajenge nyama. Na mafundi wakijenga mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, siku moja mmoja anakosea. Kosa hilo ndilo saratani. Imezaliwa ndani ya nyama yako mwenyewe, sura yake ni ya nyumbani, na askari akiikaribia, inamwambia neno lile lile ambalo ameshalizoea: tulia."

"Basi walilala," Natabo alisema.

"Hawakulala, mama. Walikuwa pale pale. Waliambiwa watulie, wakatii."

Natabo aliuliza kama hakuna dawa ya kuwaamsha. Daktari alisema dawa za namna hiyo zipo, za kuondoa ile amri ya kutulia ili askari wamtambue adui, na kwa saratani nyingine zimesaidia watu. Lakini si rahisi kuzipata, na kwa mguu wake kisu kilikuwa na hakika zaidi. Ukatwe chini ya goti, kabla ugonjwa haujapanda.

Hapo ndipo Natabo aliposema jambo lililomsumbua kuliko kisu. Alimwomba daktari kwamba ndugu yake akija, asimtajie moto.

"Sitamdanganya," Daktari Gacheri alijibu. "Lakini makovu ya moto yako kwa watu wengi, na wengi wao hawapati ugonjwa huu. Kilichokuumiza ni kidonda kukosa kufungwa na ngozi mapema. Hilo halikuwa juu ya mtoto mdogo."

Jioni Natabo aliketi kwa Anisa akampigia Ekuam simu. Kwa kawaida waliulizana habari za watoto na mvua, wakaagana. Safari hii hakungoja salamu ziishe.

"Mguu unakatwa Alhamisi," alimwambia. "Sitaki nyanya, Ekuam. Nakutaka wewe."

Alisikia maji yakipita kwenye mfereji upande wa pili. Kisha ndugu yake akasema amesikia, na simu ikakatika.

Alhamisi hakuja. Natabo aliingizwa chumba cha upasuaji akitazama mlango. Ekuam alifika Jumamosi, kofia mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi, mwanamume mwenye mvi kando ya masikio. Alisimama miguuni pa kitanda akatazama mahali blanketi lilipolala bapa. Alipatazama sana. Natabo alimwacha atazame.

Kisha walizungumza habari za ndovu waliovunja ua wa shamba. Ekuam alimnywesha uji kwa kijiko. Baadaye alitoka kumwona daktari, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Dada, miaka yote hiyo kilikuwa kinauma?" aliuliza.

Natabo alifikiria kumwambia hapana. "Siku zingine," alisema.

Ekuam alitikisa kichwa, akamnyooshea shuka. Jumatatu alirudi Rapsu, zamu yake ya kumwagilia shamba maji ilikuwa imefika.

Vipimo vilionyesha kwamba ugonjwa haukuwa umepanda kwenye tezi za kinenani. Bado Daktari Gacheri humwita kumkagua, na mpaka sasa humpa habari njema. Natabo anatembea kwa magongo. Kufua ameacha, kwa Anisa anapiga pasi na kukunja, ameketi. Usiku mwingine muundi ambao haupo humwasha, na mkono huenda kuukuna ukakuta godoro.

Ekuam huja siku hizi. Amemtengenezea mlango, amemwekea bomba la kushikilia bafuni. Ni ndugu mwema, mpole, anauliza kila kitu na anakumbuka majibu. Natabo humtazama akila na kumtafuta ndani yake yule mtoto wa mashavu yaliyojaa. Mara nyingine, akicheka, humwona. Halafu lori hupiga honi, na yule mtu mzima husimama, hushukuru kwa chakula kama mgeni, na kuondoka. Anisa alimwuliza siku moja kwa nini bado ana huzuni na ndugu amepatikana. Natabo alisema aliyepatikana anampenda sana, ila bado anamkosa mwingine.

Disemba, Ekuam amesema, atamleta binti yake mkubwa, Apua, akae na shangazi likizo nzima. Blanketi la mtoto huyo limeshafuliwa, limepigwa pasi na kuwekwa kwenye kiti karibu na dirisha. Disemba bado iko mbali.