Mvinyo Mwekundu Niliokataa Kuupokea

Watu wa kwetu wakisikia kwamba niliwahi kushika stoo ya hoteli, Qurum, huku Arabuni, swali lao la kwanza ni lile lile: "Na pombe je?" Basi nnasema hapa mara moja, nipumzike: ndiyo, na pombe. Stoo ilikuwa moja, ufunguo mmoja, na ufunguo nilikuwa nao mie. Mchele upande huu, sabuni upande ule, na nyuma kabisa chumba cha baridi chenye mivinyo. Sikunywa hata tone. Anayetaka kuamini aamini, asotaka shauri yake.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni. Nilikuwa nimeachika, nna watoto wawili wa kike, nimerudi kwa mama kwenye nyumba ya Al Amerat aliyoijenga kaka yangu. Tangu siku niliyoshusha mabegi, kaka alikuwa ameshanipangia maisha: nikae ndani, nitulie, kisha aniozeshe kwa mtu anayemjua yeye. Mie nikaenda kujifunza gari. Nikaanguka mtihani mara nne, na kila nikianguka kaka anauliza mezani, mbele ya watoto, kama nguzo za barabarani ziko salama. Mara ya tano nikapita. Nikapata ukarani hotelini, na baada ya miaka mitatu mzee wa Kigoa aliyekuwa mkuu wa stoo alipostaafu, wakanipa nafasi yake. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikinitoa nyumbani asubuhi na kunirudisha na kichwa juu. Bila ya kazi ile ningekuwa mtu wa kupangiwa tu, na hilo nilikuwa nikiliogopa kuliko kitu chochote.

Kaka alipopata habari za chumba cha nyuma, nyumba iliwaka. "Wewe! Mtoto wa baba yetu, unahesabu chupa za pombe?" Akanisomea aliyonisomea, na sisemi kwamba alikosea. Nilikuwa nikiyajua yanayosemwa katika dini juu ya anayeibeba pombe na anayeihifadhi. Nilikuwa nikimwomba msamaha Mola wangu, kwenye mswala wangu, kwa maneno yangu, na hakuna aliyeniona nikijisifu. Lakini damu ilinichemka kwa sababu wageni wa kampuni yake walikuwa wakialikwa chakula pale pale hotelini kwangu, chupa zile zile zikipangwa mezani, na yeye anakaa, anakula, anacheka nao. Nikamwambia hivyo hivyo. Hatukusemezana wiki mbili.

Mama alikuwa na njia yake. Kila nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, namkuta mlangoni na chetezo mkononi. Ananifukiza udi mikono, mtandio, buibui, mbele na nyuma, haraka haraka, mtu anavyofukuza mbu. "Haya, pita." Usoni hanitazami. Hilo lilikuwa likiniuma kuliko hotuba zote za kaka.

Na udi wenyewe si wa dukani. Mama ndiye aliyekuwa akitafutwa na wenye harusi, kuanzia Al Amerat mpaka Matrah, awachanganyie udi wao. Alijifunza Unguja, kwa bibi yake, kabla hajahamia huku. Vipande vya udi, miski, zafarani, mawaridi, kila kimoja na chupa yake na mfuniko wake, havikutanishwi mpaka siku yake ifike. Siku hiyo anapika shira ya sukari, anamimina vitu vyake kwa vipimo anavyovijua yeye, na mie alikuwa akinisimamisha karibu na sufuria tangu nna miaka saba. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Sukari ikizidi moto kidogo tu, jicho bado halijaona kitu, pua inapata harufu kavu iliyojificha nyuma ya utamu. Nikisema "Mama, hiyo," anazima jiko na kumwaga sufuria nzima, hata kama harusi ni kesho. Majirani walikuwa wakimwambia, bibi wee, nani atajua? Anawajibu, "Mie."

Sasa mwaka ule hoteli ikapanga siku za chakula cha Kitaliana, na ikaalika familia yenye shamba lake la mizabibu ije na mvinyo wake. Ilikuwa familia kweli, bibi mmoja mjane na mwanawe, shamba limetoka kwa babu wa mumewe. Meneja wa chakula na vinywaji, Mzungu aliyekuwa na miezi minne tu hapa mjini, aligawa karatasi zenye picha za vilima na nyumba ya mawe, nami nikaisoma yangu wakati wa chai. Mvinyo wao mwekundu ulikuwa wa kuchanganya. Zabibu za aina tatu, za vilima vitatu, moja ya rangi, moja ya ukali, moja ya harufu. Kila aina inakamuliwa peke yake na kulazwa kwenye mapipa yake baridi yote, kisha familia inakaa kwenye meza ya jikoni, inaonja na kugombana mpaka ikubaliane vipimo. Nikacheka peke yangu. Ugomvi wa vipimo, kwetu, niliujua vizuri.

Mzigo uliletwa siku mbili kabla ya karamu. Ilikuwa Septemba na jua bado lilikuwa halitaki mchezo. Masanduku sitini. Dereva akanipa karatasi ya kupokelea, nami kabla ya kushika kalamu nikaweka kiganja juu ya sanduku la kwanza. Lilikuwa la moto.

"Yamekaa wapi haya?" nikamuuliza.

Akaniambia, wala hajui kwamba anachongea watu, kuwa kontena lilikaa juani bandarini siku tano, karatasi za wakala zilichelewa. Nikapasua sanduku. Vizibo vilikuwa vimepanda na kusukuma vifuniko vyake juu, na chupa mbili zilikuwa zimevuja, shingo zinanata. Nikainama kunusa.

Mvinyo nilikuwa nikiujua harufu yake, kwa sababu chupa huvunjika, na deki ya stoo nilikuwa nikiisimamia mwenyewe. Mvinyo mzima una uchachu, una ubichi wa tunda. Huu ulinukia jamu iliyosahauliwa jikoni, na nyuma ya utamu ikaja ile harufu kavu. Nikapasua la pili, la kumi, la mwisho kabisa. Kote sukari iliyoungua.

"Sisaini," nikasema.

Dereva akapiga simu, na meneja akateremka akiwa na wapishi wawili nyuma yake. Nikamwonyesha vizibo. Akasema vizibo havina maana, kesho kutwa ana wageni mia moja na mvinyo huu umeandikwa kwenye kila kadi ya meza. Nikamwambia umeungua. Akanitazama kuanzia mtandio mpaka viatu.

"Umewahi kuonja mvinyo, wewe?"

"Hapana."

"Basi unajuaje?"

"Nna pua."

Wapishi wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua chupa, akaifungua, akamimina kwenye gilasi, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya daftari langu. "Onja," akasema. "Ukionja ukaniambia umeharibika, nitakusikiliza. Kama hutaki kuonja, saini. Kama hutaki yote mawili, acha ufunguo na uende nyumbani."

Nikionja, kaka alikuwa na haki siku zote. Nikiacha ufunguo, kaka ameshinda na nimerudi ndani. Kusaini ndiyo ilikuwa rahisi, kalamu iko mkononi, na nani atajua? Nikamsikia mama akinijibu kwenye masikio yangu.

"Sionji," nikamwambia. "Na sisaini. Na ufunguo sitakukabidhi wewe, nilipewa na meneja mkuu, nitamrudishia yeye. Wenye mvinyo wao wameshafika mjini. Waite waje wanuse wenyewe."

Sijui nguvu zile nilizipata wapi. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Vizuri," akasema. "Na wao wakisema ni mzima, Jumamosi wiki ikianza usije."

Nilikaa juu ya sanduku la sabuni saa nzima na zaidi. Nikasoma nilichojaaliwa kusoma, nikafikiria ada ya skuli ya wanangu, nikafikiria uso wa kaka, nikakasirika upya. Gilasi ilikuwa pale pale mezani na sikuigusa hata kuiondoa.

Bibi mwenye shamba akaingia. Mfupi, gauni jeusi, nywele nyeupe amezifunga nyuma, mikono mikavu ya mtu wa shamba. Meneja akamnyooshea mkono, bibi akampita. Alikwenda moja kwa moja kwenye masanduku akaweka kiganja chake juu, pale pale nilipoweka mie changu. Kisha akachukua gilasi ya mezani, akaisogeza puani, na mdomoni haikufika. Akaenda nayo kwenye karo ya deki akaimwaga. Akaashiria afunguliwe chupa nyingine, akanusa, akamwaga. Ya tatu vile vile. Halafu akaja kukaa kwenye sanduku la sabuni, karibu yangu, na akalia. Ulikuwa mwaka mzima wa jasho lao, na mimi nilimwonea huruma mpaka machozi yakanitoka na mie.

Mwanawe, aliyeingia nyuma yake, alikuwa anajua Kiingereza. "Mama anauliza nani aliyezuia mzigo."

Meneja akafungua kinywa. "Mimi," nikasema, kabla hajakifungua vizuri.

"Anauliza, ulionja?"

"Sikuonja. Mama yangu anapika udi kwa sukari. Nnaijua sukari ikiungua."

Bibi akasikiliza tafsiri mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia mahali pale: akashika ncha ya mtandio wangu, akainusa, macho amefumba, pole pole. Akasema maneno mengi. Mwanawe akasema, "Anasema aliyechanganya hii ni mtu anayeijua kazi yake. Anamsalimu."

Kisha bibi akasimama, akapanda ukumbini, na kadi zote zenye jina la familia yake akaziondoa mezani kwa mkono wake, moja moja. Meneja akasema hapana haja, wageni hawatatambua. Bibi hakuhitaji kutafsiriwa ili ajue kinachosemwa. Akamtazama tu, akaendelea kukusanya. Siku yake ilipofika, karamu ikafanyika kwa mivinyo mingine iliyokuwamo stoo na kwa maji ya komamanga, na watu wakala wakashiba. Meneja hakuniomba radhi, wala sikuingoja radhi yake.

Jioni ya siku ile ya mzigo, nilipofika nyumbani, kaka alikuwa kasimama ukumbini na karatasi. Alikuwa ameniandikia barua ya kuacha kazi, imepigwa taipu vizuri kwa Kiarabu, jina langu chini. "Saini hapa tu," akasema, "mengine niachie mimi."

Ah! Wanaume wawili siku moja! Hata viatu sikuvua. Mama yupo mbele yangu na chetezo, na mie nikaanza kusema pale pale mlangoni, sauti juu, majirani wasikie wakitaka. Nikasema kontena, nikasema vizibo, gilasi, ufunguo. Kaka alijaribu kuingilia mara mbili. Mama akamwinulia mkono anyamaze.

"Ilinukia vipi?" mama akaniuliza.

"Sukari, mama. Ile kavu, ya nyuma ya utamu."

"Na hukuonja?"

"Wallahi sikuonja."

"Na hukusaini."

"Sikusaini."

Nikampa salamu za yule bibi, na alivyonusa mtandio, na aliyoyasema. Mama akatikisa kichwa. "Lahaula," akasema, "mpika pombe ananisifia udi wangu." Lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Akatazama chetezo. Tulikuwa tumesema sana, makaa yamekufa. Akamgeukia kaka, akaichukua ile barua mkononi mwake. Kaka alidhani anataka kuisoma. Mama akaikunja mara mbili, akaitia chini ya makaa, akapuliza mpaka ikashika moto.

"Mama!" kaka akasema.

"Pua hii nimempa mie," mama akamwambia. "Mpishe nduguyo apite."

Makaa yalipoiva akatia udi, akanifukiza. Hakuwa na haraka ya kila siku. Alianza na nywele, kisha shingo, kisha viganja, vile anavyofukizwa bi harusi, na muda wote alikuwa akinitazama usoni. Jumamosi saa moja asubuhi nilifungua stoo kwa ufunguo wangu.