Wa Kwanza Darasani

Nauza magodoro Remera, na sijawahi kumfukuza mteja aliyeshika pesa mkononi, isipokuwa jirani yangu.

Alikuja mwaka jana kununua godoro dogo. Binti yake alifaulu darasa la sita, akapangiwa shule ya bweni, na bwenini kila mtoto huenda na godoro lake. Mwanangu alipangiwa hapahapa mtaani kwetu Kagarama, shule ya kutwa, wanakobaki waliobaki.

"Jirani," nikamwambia, "binti mmoja unaye, unampeleka mbali akaugue peke yake? Shule iko hapa. Atakula kwako, atalala kwako."

"Lakini wanasema hapa hawafaulu."

"Watafaulu vipi, na wenye akili wote mnawahamisha?"

Hakuna neno la uongo hapo, nimelipima mara mbili. Ila sikusema kwamba mwanangu hesabu hazimwingii, na nilitaka mtu wa kumweleza wakirudi nyumbani. Jirani akashikashika godoro, akaguna, akaondoka bila kununua. Nafasi ya bweni ikaenda kwa mwingine.

Wazazi wengine hawakunisikiliza. Waliwahamisha watoto wao mmojammoja, darasa likapungua, na muhula wa pili mwalimu wa hesabu akapelekwa shule yenye wanafunzi wengi. Siku ya ripoti nilihesabu madawati, nikarudia. Zaidi ya nusu yana vumbi.

Mwanangu alikuwa amepanda hesabu. Si sana, lakini amepanda. Jirani akanishika mkono mbele ya watu.

"Mana wee, Mungu wangu! Binti yangu amekuwa wa kwanza darasani! Ungeniuzia lile godoro ningejuta."

"Hongera," nikasema. Nilikuwa nimeshaiona ripoti ya binti: hesabu, hamsini na mbili. Kwenye sanduku la nyanya mbovu, ile isiyooza sana nayo huitwa nzuri.

Mama yake alipokuwa akisalimia wengine, binti akanisogelea. "Mama, wewe watoto wa bweni wananunua kwako. Wa kwanza kule anapata ngapi hesabu?"

Mimi bei zote nazijua, na za wauzaji wenzangu sokoni pia. Ningeweza kusema sijui.

"Tisini," nikasema. "Wengine zaidi."

Akaitikia kwa kichwa, akaikunja ripoti.

Jioni hiyo binti alikuja kwangu na daftari kama kawaida. Nikamwambia mwanangu, "Leo mwache dada yako asome vyake. Umemchosha."

"Hapana, mama," binti akasema, ameshakaa mezani. "Mwalimu hayuko. Nikimweleza huyu ndiyo na mimi naelewa. Asipouliza, nitasoma na nani?"

Mwanangu akafungua ukurasa, akaanza kuuliza. Swali la kwanza lilimshinda na binti pia. Wakaligeuza, wakalirudia, kisha wote wawili wakaniangalia mimi.