Chupa ya Tope la Kahawia

Mwanangu, naikumbuka siku sumaku iliponiumbua. Nilikuwa kidato cha nne hapa Tabora, miaka ile ya kujitegemea, tulipoambiwa tusisubiri kila kitu kitoke Ulaya. Mwalimu wetu wa kemia akatutaka tutengeneze wenyewe unga mweusi wa chuma, wenye chembe ndogo kuliko vumbi la unga wa muhogo, ambao ukisogezewa sumaku unaifuata. Atakayefaulu angeupeleka kwenye maonyesho Dar es Salaam. Mimi treni nilizoea kuiona ikipita tu. Niliitaka safari ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haitaki uzembe. Unachanganya maji ya chumvi mbili za chuma, kisha unatia amonia, ile inayochoma pua. Chumvi mojawapo huharibika ikipigwa na hewa. Mimi Ijumaa nikaacha chupa yake wazi, nikakimbilia pilau ya shangazi Cheyo. Jumatatu nilipotia amonia, likatoka tope la kahawia. Nikasogeza sumaku. Halikutikisika.

Ningesema nimekosea, yakaisha. Wapi! Nikaupiga msumari tupa, nikachanganya vumbi lake na masizi ndani ya sehemu ya tope lile, na kwenye daftari nikaandika: "Jeusi. Linavutwa."

Mtunza maabara wetu alikuwa Mzee Sadiki wa mtaa wa Ng'ambo, mtoto wa wafua vyuma. Kesho yake, kabla mwalimu hajafika, akaishika chupa yangu, akaitikisa. Vumbi la msumari, zito kuliko unga wa kweli, likazama papo hapo. Akanitazama.

"Shikamoo, mzee," nikasema, ingawa tulikwisha kuamkiana.

"Marahaba. Hebu lete mkono, binti yangu."

Akapitisha sumaku juu ya mkono wa sweta yangu. Vumbi la msumari likaruka kutoka kwenye sufu, likasimama kwenye sumaku kama ndevu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimi simwambii mwalimu," akasema taratibu. "Utamwambia wewe. Kahawia si aibu, mtu kaacha chupa wazi, basi. Lakini mwenzio akifuata daftari lako, atahangaika mpaka lini?"

Nikamwambia. Mwalimu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Monika wa darasa letu, binti wa wakulima wa tumbaku wa Usoke, ambaye unga wake ulivutwa kweli, ndiye aliyepanda treni. Nilimsindikiza stesheni, nikalia waziwazi. Wiki iliyofuata nikaanza upya, chupa imefungwa. Likatoka jeusi tii, na sumaku ilipokaribia likajikusanya lote upande mmoja wa kioo. Aliyeona ni Mzee Sadiki peke yake. "Haya," akasema, "sasa andika."

Mwanangu, wewe leo unatengeneza chembe hizo hizo chuo kikuu, na mashine zenu zinapima udogo ambao jicho langu halitauona kamwe. Bado anayeandika ni wewe. Andika kilichotoka, hata kama sicho ulichokitaka, tena kabla hujaulizwa. Ulipokosea paseme, mwenzako asipotee. Mungu akujalie mkono mtulivu na kalamu isiyokuaibisha. Mabaki ya tope lile la kahawia, yale nisiyoyatia vumbi la msumari, ninayo hadi leo kwenye chupa yake. Nakupa chupa hiyo, iweke mezani kwako, na usibandue karatasi niliyoiandika siku niliyomwambia mwalimu: "Halivutwi. Niliacha chupa wazi."